Mkataba wa EFET wa umeme na gesi: unachofanya vizuri na pale unapokwama

Kampuni ya Prague inaweza kuiuzia kampuni ya Milan umeme utakaokabidhiwa Ujerumani mwezi ujao, na bei ikakubaliwa kwa simu ndani ya dakika moja. Hilo linawezekana kwa sababu mengine yote yalishakubaliwa zamani: nani abebe hasara umeme usipofika, ankara ilipwe lini, na upande mmoja ukifilisika madeni yahesabiwe vipi. Ulaya, majibu hayo mara nyingi yamo kwenye mkataba mkuu wa EFET, chama cha wafanyabiashara wa nishati kilichoanzishwa mwaka 1999, ambacho tangu 2023 kinaitwa Energy Traders Europe. Chama husikika zaidi kinapotoa maoni Brussels kuhusu sheria za soko. Kwa maoni yetu, huduma yake yenye thamani kubwa kuliko zote ni mkataba huu.

Ipo mikataba miwili inayokwenda sambamba: wa umeme, toleo 2.1(a) la Septemba 2007, na wa gesi, toleo 2.0(a) la Mei 2007. Kila mmoja una vifungu 23. Maandishi makuu hayaguswi. Mabadiliko yote huandikwa kwenye karatasi ya machaguo, ambayo sehemu yake ya kwanza ni ya kuchagua yaliyokwisha kuandaliwa na ya pili ni ya masharti mliyokubaliana wenyewe. Mpangilio huu ndio unaookoa muda: mwanasheria anayeujua mkataba husoma karatasi hiyo tu, akajua mara moja wapi upande wa pili umetoka kwenye kawaida. Nyuma yake kuna maana za maneno, violezo vya hati za uthibitisho (bei isiyobadilika, bei inayofuata soko, haki ya kununua na haki ya kuuza), na nyongeza za mambo maalumu kama gesi ya NBP (kituo cha kuuzia gesi cha Uingereza), vibali vya hewa ukaa na dhamana ya fedha.

Makosa mengi huzaliwa kwenye karatasi hiyo hiyo ya machaguo. Watu huijaza haraka wakitaka kuanza biashara. Kifungu cha 22 kinataka mchague sheria itakayotumika: ya Uingereza na usuluhishi wa London, au ya Ujerumani na usuluhishi wa DIS, taasisi ya usuluhishi ya huko. Kifungu cha 10.4 kinauliza kama mkataba uvunjike wenyewe upande mmoja unapoingia kwenye ufilisi, au usubiri notisi. Hili halijibiwi kwa mazoea. Linategemea sheria ya ufilisi ya nchi ya mwenzako: mahali pengine, ukisubiri hadi msimamizi wa ufilisi ateuliwe, notisi yako inaweza kukosa nguvu. Halafu kuna kiwango cha deni kwa watu wengine ambacho mwenzako akishindwa kulilipa, nawe unapata haki ya kuvunja mkataba. Kiwango kikiwa cha chini mno, mzozo mdogo wa kampuni kubwa na benki yake unaweza kukupa haki ambayo hukuikusudia, na mzozo kama huo upande wako ukampa yeye haki hiyo dhidi yako.

Kifungu cha 3 kinahitaji nidhamu ya kila siku. Makubaliano ya mdomo yanatosha kufunga biashara, na hati ya uthibitisho ni ushahidi tu. Ndiyo maana chama kilitengeneza pia kanuni za kulinganisha hati hizo kwa kompyuta, zinazojulikana kama eCM: kila upande hutuma yake, na zisipolingana tofauti huonekana siku hiyo hiyo. Kinachokosewa mara nyingi ni saa. Umeme wa MW 10 usiokatika kwa mwezi wa siku 30 ni MWh 7,200, lakini Machi una saa 743 na Oktoba saa 745 kwa sababu Ulaya hubadili saa kufuata majira. Mfumo wa ndani uliozidisha siku 31 kwa saa 24 utatoa MWh 7,440, na ankara itagoma. Kwenye gesi, siku huanza saa 12 asubuhi kwa saa za Ulaya ya kati, si usiku wa manane; anayesahau hilo huhamisha saa sita nzima kwenye siku isiyo yake.

Kifungu cha 6 hakieleweki vizuri kwa wageni. Kukabidhi umeme hapa maana yake ni kila upande kupeleka ratiba inayolingana kwa mwendeshaji wa gridi, na hatari huhama pale pale mahali pa makabidhiano. Mkataba haukupi nafasi ya kuvuka mpaka. Ukinunua umeme wa Ujerumani ukitaka kuuuza Ufaransa, haki ya kuvusha kwa mwezi au mwaka unaitafuta mwenyewe kwenye minada ya JAO, ofisi ya pamoja ya waendeshaji wa gridi iliyoko Luxembourg. Kwa gesi, sehemu kubwa ya nafasi za mabomba huuzwa kwenye jukwaa la PRISMA. Ukikosa nafasi, huwezi kudai ni tukio lisilozuilika chini ya kifungu cha 7, kwa sababu gridi ya Ujerumani ilikuwa tayari kupokea ratiba yako.

Fidia ya kifungu cha 8 imeandikwa kwa usafi wa kupendeza. Muuzaji akishindwa kukabidhi MWh 240 kwa bei ya mkataba ya euro 80, na mnunuzi akazipata sokoni kwa euro 130, muuzaji anadaiwa tofauti ya euro 50 mara 240, yaani euro 12,000. Hakuna kubishana juu ya faida iliyopotea. Malipo ya kawaida nayo yana tarehe moja: siku ya 20 ya mwezi unaofuata, au siku ya tano ya kazi baada ya kupokea ankara, yoyote itakayochelewa zaidi.

Sababu ya kulipa ada ya uanachama ni maoni ya kisheria ya nchi mbalimbali kuhusu kukatana madeni. Fikiria unamdai mwenzako euro milioni 3 naye anakudai milioni 4, kisha afilisike. Kukatana kukikubalika, unalipa milioni 1. Kukikataliwa, unalipa milioni 4 zote na kupanga foleni na wadai wengine kwa milioni 3 zako. Maoni hayo yanachakaa: hukumu ya Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ya Juni 9, 2016 iliyumbisha vifungu vya aina hii hadi bunge likarekebisha sheria ya ufilisi mwaka huo huo. Kampuni moja haiwezi kufuatilia hayo katika kila nchi. Chama kinaweza.

Udhaifu wa mkataba huu ulionekana 2022. Bei za gesi zilipopaa, masoko rasmi ya nishati yalidai dhamana za fedha taslimu kiasi cha kukifanya chama, mwezi Machi, kuziomba serikali na benki kuu msaada wa dharura. Biashara ya moja kwa moja chini ya EFET haidai dhamana ya kila siku mpaka mwongeze nyongeza yake. Hiyo ni nafuu ya fedha, lakini hatari ya mwenzako kuanguka inabaki mabegani mwako. Anayetia saini bila nyongeza hiyo aweke kikomo cha deni kwa kila mwenza na kukisimamia.

Afrika Mashariki inaunganishwa: njia ya kilovolti 500 kutoka Ethiopia inaleta umeme Kenya tangu 2022, na ya kilovolti 400 kati ya Kenya na Tanzania iliwashwa mwishoni mwa 2024. Mashirika ya umeme yanayoandaa mikataba yanaweza kuazima mpangilio wa karatasi ya machaguo na kanuni za uthibitisho moja kwa moja. Fidia ya kifungu cha 8 haiazimiki hivyo hivyo, maana inategemea soko la kununulia umeme mbadala na bei inayoonekana kwa wote. Pasipo soko hilo, pande mbili ziandike mapema bei ya rejea, kwa mfano gharama ya mtambo wa dharura wa mnunuzi, na namna ya kuikagua.