Rafu ya Vitabu Inayopangwa na Watoto Wenyewe: Uzoefu Wangu

Kama una mtoto anayejua kusoma vizuri lakini kila kitabu anakiachia ukurasa wa tano, jaribu huduma hii kabla hujamnunulia kitabu kingine. Maktaba tunayoazima vitabu imetenga rafu mbili, moja ya watoto na nyingine ya vijana, na hakuna mtu mzima anayechagua kinachowekwa pale. Kitabu kinapanda rafuni pale tu mtoto aliyekisoma anapokijazia kadi. Kadi inabandikwa chini yake, kitabu kinasimamishwa jalada likitazama mbele, basi. Hakuna nyota wala alama.

Uzuri wote uko kwenye maswali ya kadi. Aliyeyatunga anawajua watoto. Hawaulizwi "umejifunza nini?", swali ambalo kila mtoto ana jibu la kumridhisha mwalimu hata kama kitabu hakukifungua. Wanaulizwa: kinaanza kunoga ukurasa wa ngapi? Nani atakipenda? Nani asijisumbue nacho? Hilo la mwisho ndilo roho ya huduma nzima. "Asikisome anayeogopa giza." "Kama hupendi mpira ruka sura ya 6 na ya 7, hutakosa kitu." "Mwanzo wanaeleza nywele zake mpaka unazichukia, vumilia mpaka ukurasa wa 40."

Mtu mzima haandiki hivyo. Sisi tukimpa mtoto kitabu huwa tuna letu jambo: tunataka apate maadili, aongeze msamiati, au apende tulichokipenda sisi zamani. Mtoto analinusa hilo hata kabla hujamaliza kusifia. Mwenzake aliyekimaliza kitabu jana anachotaka ni mtu wa kupiga naye soga kuhusu kitabu hicho, na kwa sababu hiyo anaaminika.

Mwanangu ana miaka 10. Mwanzoni alikuwa anasoma kadi tu. Anazipitia zote, anacheka, anabishana nazo kwa sauti hadi anatazamwa, kisha tunaondoka mikono mitupu. Mkutubi alinitoa wasiwasi, akasema wengi huanza hivyo na nisimsukume. Kilichomnasa hatimaye ni ile kadi ya nywele. Alikichukua kile kitabu ili athibitishe kwamba aliyeandika ni mwongo, na kila jioni akawa ananitangazia ukurasa aliofikia na kwamba bado kinachosha. Halafu matangazo yakakoma. Siku ya kukirudisha aliomba kalamu akaandika kadi ya kwake: "Si 40, ni 43." Maktaba inaruhusu kadi kurundikana kwenye kitabu kimoja, kwa hiyo sasa zimekaa pamoja, na wa tatu ameongeza kwamba wote wawili hawana subira.

Hapo kuna jambo ambalo sikulitarajia: kumbe kupendekeza kunamfanya mtoto asome kwa makini kuliko kusoma kwenyewe. Akijua atajaza kadi, anaanza kuangalia ni wapi hasa alichoka, ni wapi alirudi nyuma kusoma tena, ni mhusika gani alimkera na kwa nini. Kazi hiyo mwalimu huitafuta kwa maswali ya ufahamu na haipati.

Kwamba mtoto ndiye wa kuaminiwa kuhusu kitabu cha watoto, watu wazima wa vitabu wamelijua kitambo. Mwaka 1936 mchapishaji wa Uingereza, Stanley Unwin, alipopokea mswada wa The Hobbit, hadithi ya watoto ya J.R.R. Tolkien, alimpa mwanawe Rayner, aliyekuwa na miaka 10, na kumlipa shilingi moja kwa ripoti yake. Kijana aliandika kwamba hadithi ni nzuri na kwamba itawafaa watoto wote wa kati ya miaka 5 na 9. Kitabu kikatoka mwaka uliofuata. Nikisoma tarakimu hizo nacheka, maana mwanangu naye ni hivyohivyo: kila anachokipenda mno anasema kinawafaa "wadogo", yaani walio chini yake kwa mwaka mmoja. Msiyaamini sana makadirio yao ya umri. Mengine yote yaaminini.

Kwa vijana mambo ni magumu kidogo. Binti yangu ana miaka 14, na rafu yao kwa macho yangu ni dhaifu kuliko ya wadogo. Kadi nyingi zimeandikwa ili mwandishi aonekane msomi. Nyingine zimenakili maneno ya nyuma ya jalada neno kwa neno. Pia wanafuatana kama siafu: mfululizo mmoja ukishika, nusu ya rafu ni huo huo, na foleni ya kuuazima haiishi. Hadithi za mapenzi hazikuwepo kabisa kwa muda mrefu, ingawa ndizo zinazoazimwa kila siku, kwa kuwa hakuna kijana aliyekubali jina lake lisomwe chini ya kadi ya namna hiyo. Maktaba iliporuhusu majina ya kubuni, rafu ilibadilika. Kadi zikawa ndefu, zikawa na hasira, na baadhi zina busara ambayo sikuwa nayo katika umri huo. Kuna mmoja anayejiita Mwezi Mchanga ambaye binti yangu anasoma chochote anachokitaja, na hana habari ni nani.

Wala si kwamba vijana hawana uwezo wa kupima. Ufaransa, tangu 1988, wanafunzi wa sekondari wapatao 2,000 husoma vitabu vilevile vilivyoteuliwa kwa ajili ya Goncourt, tuzo maarufu ya riwaya nchini humo, na kutoa tuzo yao wenyewe, Goncourt des lycéens (Goncourt ya wanafunzi wa sekondari), na mara nyingi hawakubaliani na wakubwa. Ujerumani nayo tuzo yake kuu ya fasihi ya watoto na vijana iliongezewa jopo la vijana mwaka 2003. Tofauti ni kwamba kule wanakaa wakajadili kabla ya kuamua. Kwenye kadi kila mmoja yuko peke yake, na aliye peke yake hutafuta usalama kwenye kinachopendwa na wengi.

Nilichokipenda bila masharti ni jinsi walivyoshughulikia kufichua mwisho. Watoto wadogo hawajui kuficha: "Mbwa anakufa" imeandikwa kwa herufi kubwa, na aliyeiandika anaona amewatendea wema wenzake. Na kwa kweli amewatendea wema, maana kuna watoto wasioweza kabisa hadithi ya mnyama anayekufa. Badala ya kuizuia kadi, maktaba iliikunja. Nje imeandikwa "onyo ndani", anayetaka kujua anafunua, anayetaka uhondo wake anapita.

Wakati fulani waliamua kadi zichapwe upya kwa kompyuta, makosa ya tahajia yakiwa yamesahihishwa. Zilipendeza, na watoto wakaacha kuzisoma. Mwandiko mbaya ndio uliokuwa ukiwahakikishia kwamba aliyeandika ni mtoto kweli. Zilirudishwa za mkono, nashukuru. Kuna pia toleo la kwenye simu, lakini huko wameweka nyota, na karibu kila kitabu kina tano. Sikuona faida yake, isipokuwa kwa wanaoishi mbali na rafu yenyewe.

Kwa mzazi mwenye wasiwasi wa usalama: kadi zinabeba jina la kwanza au la kubuni, na umri. Hakuna jina la ukoo, hakuna shule, hakuna picha. Kuhusu maudhui, usitegemee kadi pekee. Mtoto atamwonya mwenzake kuhusu mbwa, lakini hatamwonya kuhusu matusi, kwa sababu yeye hayakumshtua. Mimi bado nazipekua kurasa za vitabu vya rafu ya vijana kabla ya kuviacha viingie nyumbani, na binti yangu bado ananuna.

Haimfai mtoto ambaye bado anasomewa. Kadi ni za kujisomea mwenyewe, na mzazi akizisoma kwa sauti zinageuka kuwa mapendekezo ya mzazi. Kwa umri wa miaka 8 hadi 12 ningeipa alama zote. Kwa vijana ningekata moja, mpaka watakapopata mahali pa kuweka walichokiacha njiani. Binti yangu ameshaomba hilo: kadi ya rangi nyingine kwa vitabu ambavyo mtu hakuvimaliza, yenye swali moja tu, uliishia wapi na kwa nini. Mkutubi amekubali kuijaribu kwenye rafu ya vijana kwanza, kwa sharti kwamba kitabu kisishushwe rafuni kwa ajili ya kadi hiyo. Binti yangu anapinga sharti hilo. Mimi naona mkutubi ana haki.