TAHADHARI: Muuzaji wa fimbo, rili na nyuzi bandia za kuvulia sangara hapa Mwanza

Ndugu zangu mnaovua kwa fimbo, kuanzia Luchelele mpaka Igombe, na ninyi wa Sengerema na Ukerewe mnaoagiza vifaa kwa simu, naomba msome hili lote kabla hamjamtumia mtu hela. Kuna muuzaji anauza fimbo, rili (kile kifaa cha kukunjia uzi) na nyuzi bandia, na ameshakula hela za watu wetu. Hana duka. Anatangaza kwenye statasi za WhatsApp na Instagram, anasema anapatikana Makoroboi, lakini ukifika Makoroboi ukaulizia, hakuna machinga anayemfahamu. Jina lake siliweki kwa sababu kila akigundulika anafungua ukurasa mwingine kwa jina jingine. Nitaeleza mzigo wenyewe na maneno yake, maana hivyo viwili habadilishi.

Mzigo unakuja kama seti: fimbo ya vipande viwili, rili iliyokwisha kujazwa uzi, na kiboksi cha samaki wa plastiki. Anataka 185,000. Ukisitasita anashuka mpaka 130,000, "kwa sababu wewe ni mtu wangu, bosi." Fimbo imeandikwa kwa rangi ya dhahabu kwamba ni ya bass, ya Marekani. Rili ina jina la Shimano. Anasema seti hiyo inamtoa sangara wa kilo 50 bila wasiwasi wowote.

Nianze na hilo la bass, kwa kuwa ndilo linalowavuta vijana. Bass ni samaki kweli, na fimbo zake ni fimbo nzuri kweli. Wamarekani wamebobea sana katika uvuvi huo. Lakini samaki mwenyewe si mkubwa. Bass mzito kuliko wote katika rekodi alivuliwa jimbo la Georgia mwaka 1932, akawa na kilo 10 na kidogo, na ikapita miaka 77 ndipo akapatikana wa kulingana naye, Ziwa Biwa huko Japani, mwaka 2009. Hapa kwetu sangara wa kilo 10 akishushwa Mwaloni Kirumba hakuna atakayegeuka kumtazama. Rekodi ya sangara aliyevuliwa kwa fimbo ni kilo 104, Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Kwa hiyo hata kama fimbo ile ingekuwa halisi, ingekuwa imetengenezwa kwa ajili ya samaki wa kilo moja, mbili, tatu. Mtu anayejua kucheza na breki ya rili, ile inayouachia uzi samaki akivuta, anaweza kumtoa nayo sangara wa kilo 5, pengine 8, mahali pasipo na mawe. Kilo 50 kwenye miamba ya Bwiru hapana.

Uongo wake wa pili ameuficha nyuma ya herufi mbili, LB. Fimbo imeandikwa 10-20LB, na yeye huwaambia wateja ni kilo 20. Hizo ni paundi. Paundi moja ni kilo 0.45, kwa hiyo 20LB ni kilo 9. Tena kilo 9 zenyewe ni nguvu ya uzi unaofaa kufungwa kwenye fimbo hiyo, wala si uzito wa samaki. Ukiifunga uzi mzito kupita kiasi na kukaza breki mpaka mwisho, fimbo ndiyo itakayokatika. Ndicho kilichomkuta kijana mmoja wa Igombe. Samaki alipogeuka kurudi kwenye mawe, fimbo ilivunjika juu kidogo ya kiungio, na vipande vya faiba vikamchana kiganja. Alishonwa nyuzi hospitali kwa ajili ya kifaa alichouziwa kwa ahadi ya uongo, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Mimi huwatengenezea jamaa rili zao, basi alipopata nafuu aliniletea ile yake nikaifungua. Kwenye boksi wameandika 13+1, yaani beringi 14. Ndani nilikuta beringi moja tu ya chuma, kwenye gia kubwa. Kwingine kote ni vipete vyeupe vya plastiki. Gia yenyewe ni ya chuma laini, meno yameanza kulika, na grisi ni tone moja lililoganda pembeni. Breki ndiyo iliyonisikitisha zaidi. Chini ya kile kitufe cha kuzungusha juu ya kibobini (pale uzi unapokunjwa) panatakiwa kuwe na washa kadhaa, yaani vipete bapa, za kitambaa kigumu au kaboni, zikipishana na za chuma. Pale palikuwa na washa moja ya kitambaa, kavu, imekatwa ovyo hata haikai katikati. Breki ya namna hiyo haiachii uzi taratibu. Inang'ang'ania, inaachia ghafla, inang'ang'ania tena, na kila inapong'ang'ania uzi unapata mshtuko. Sangara naye anatikisa kichwa, havuti kwa mwendo mmoja. Mishtuko michache tu na uzi umekwenda. Halafu boksi linasema nguvu ya breki ni kilo 25! Rili nzuri za baharini za kiasi hicho, zenye mwili wa chuma, nyingi zina breki ya kilo 10 mpaka 13. Ukiona kilo 25 kwenye rili ndogo ya plastiki, usiendelee na mazungumzo. Jina la Shimano lilikuwa kibandiko. Nilikibandua kwa kucha. Wajapani wenyewe hawahusiki na mzigo huu, jina lao limeibwa tu.

Uzi ndipo penye wizi mkubwa, kwa sababu kibobini kikishajaa huoni kilichoko chini. Kilikuwa kimeandikwa: uzi wa kusuka, mita 300, unene wa milimita 0.20, nguvu kilo 45. Tuliuvuta wote uani tukaupima. Haukufika hata mita 100. Chini yake amejaza sponji na gundi ya karatasi ili kibobini kionekane kimejaa. Tukafunga kipande kwenye mizani ya ndoano, ile ile ya kupimia samaki, tukavuta polepole, ukakatika kabla ya kilo 8.

Ukishajua uhusiano wa unene na nguvu, hakuna wa kukudanganya tena. Nailoni nzuri ya milimita 0.30 hukatika kwenye kilo 6 hadi 8. Ya 0.40 ni kilo 10 hadi 13. Ya 0.50 hufika 16 hadi 19. Uzi wa kusuka una nguvu zaidi kwa unene huo huo: 0.20 ni kama kilo 10 hadi 14, na 0.28 ni kama 18 hadi 22. Namba hucheza kidogo kati ya kiwanda na kiwanda, lakini hazirukii kilo 45 kwenye 0.20. Kaliper ndogo ya kupimia unene inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ufundi, na kama huna, funga uzi kwenye mizani na uvute. Umevaa glovu, maana uzi wa kusuka unakata nyama.

Jambo moja ambalo watu wamekuwa wakilichanganya: uzi wa kusuka kuchujuka rangi siyo dalili ya ubandia. Hata ule wa bei kubwa huchujuka ukikaa majini na juani. Msiwatuhumu wauzaji waaminifu kwa hilo.

Anadai pia kwamba uzi wake haukatwi na jiwe. Hakuna uzi wa hivyo. Uzi wa kusuka haunyumbuki, ndiyo maana unahisi samaki anapogusa tu, lakini ukisugua kwenye jiwe la Mwanza huku umekazwa unaachia mara moja. Mfuniko wa shavu la sangara nao una makali. Mbele ya uzi mkuu funga mita moja au mbili za nailoni nene, milimita 0.70 hadi 0.90, hasa ukivua kwa furu hai (wale samaki wadogo wa chambo) chini ya miamba, maana hapo ndipo sangara anapokimbilia. Na uzi wa kusuka usifungwe moja kwa moja kwenye kibobini kitupu, utateleza wote kwa pamoja na utadhani breki imekufa. Tanguliza nailoni kidogo chini. (Kuna aliyeniuliza kama nailoni ya fimbo ni kosa kwa sababu timba ni haramu. Timba ni nyavu za nailoni. Uzi wa ndoano ni kitu kingine.)

Kuhusu fimbo, anasema ni kaboni asilimia 99. Vuta vipande viwili viachane, tazama ndani ya kiungio: kaboni ni nyeusi hadi ndani, faiba ni nyeupe au ya manjano hata kama nje imepakwa nyeusi yenye marembo ya kufuma. Za kwake ni nyeupe ndani. Faiba si mbaya hata kidogo, inavumilia kugongwa na kukanyagwa kwenye mtumbwi kuliko kaboni, na kwa sangara wa kuvutwa kwa chambo hai mimi naipenda. Ila faiba iuzwe kwa bei ya faiba. Kisha chukua pamba ya masikio, izungushe ndani ya kila pete ya kupitishia uzi. Ikinasa nyuzi za pamba, pete ina ufa au ncha, na itaukwangua uzi wako kila unaporusha. Na iwe kaboni ya kweli au ya uongo, radi ikianza kunguruma juu ya ziwa, laza fimbo chini uondoke majini. Kaboni inapitisha umeme, na radi za ziwa hili tunazijua.

Muuzaji wa kweli atakuruhusu uyafanye haya yote mbele yake. Shika mkono wa rili uuzungushe kinyumenyume, usirudi. Kaza breki kiasi, funga uzi kwenye mizani, mtu avute: uzi utoke kwa mwendo mmoja bila kudunda. Ukishanunua, breki iwekwe kwenye robo mpaka theluthi ya nguvu ya uzi. Uzi wa kilo 10, breki kilo mbili na nusu hadi tatu, basi.

Huyu bwana hakutani na mtu. Mzigo kwake siku zote uko stoo Buhongwa au uko njiani kutoka Kariakoo, na anataka nusu ya hela itangulie. Ukikubali, anatuma namba ya pili: "ya ofisi ina shida ya mtandao, tuma kwa hii." Jina linalotokea si lake. Ukituma, inafuata hela ya kusafirisha, kisha hela ya kutolea mzigo stendi ya Nyegezi. Baadhi wamepata ile seti mbovu, wengine hawakupata kitu wakawekewa bloku. Mzee mmoja wa Luchelele aliongezewa na "leseni ya uvuvi" ndani ya bei. Leseni ya uvuvi inatolewa na halmashauri kupitia ofisa uvuvi, hakuna muuza fimbo mwenye mamlaka nayo, na ile karatasi aliyopewa mzee haina thamani yoyote.

Picha zake pia mziangalie vizuri. Ile anayoipenda sana ni ya mtu amebeba sangara mkubwa kifuani, chini kaandika "kazi ya jana, Saanane." Nyuma ya huyo samaki ni mchanga na vilima vikavu visivyo na jani. Ni jangwa. Saanane ina miti, tena tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, huwezi kwenda kuvua pale bila ruhusa kisha ukajitangaza.

Kama umeshamtumia hela, usifute meseji ya muamala wala mazungumzo. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako saa hiyo hiyo uombe muamala uzuiwe. Hela ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu. Meseji yake ya kitapeli na namba iliyotumika zitume 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Nenda polisi na karatasi zako, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Na kama mzigo bandia unao mkononi, FCC, yaani Tume ya Ushindani, ndio wanaoshughulikia bidhaa zenye alama za kuibwa. Wapelekee rili na boksi lake, msilitupe boksi.

Mwenye seti hiyo nyumbani asiende nayo miambani kabla hajaipima. Mwenye rili ya namna hiyo anitumie picha ya ndani ya kibobini na ya boksi, nitamwambia kama inaweza kutiwa washa mpya za breki au haifai kabisa. Wiki hii ukurasa wake mpya una picha ya bendera ya Marekani na boti nyekundu, na seti ameshusha mpaka 110,000.