Kichujio cha barua taka ofisini kwetu: uzoefu wangu wa miezi minane

Jumatatu ya kwanza baada ya kuwasha kichujio, bosi alipita mezani kwangu anatabasamu. "Umeona? Leo hata taka moja haijaingia." Kweli haikuingia. Ila haikuingia barua yoyote, ya taka wala ya maana, tangu Ijumaa usiku, na sisi ni mawakala wa forodha. BL (hati za mzigo wa meli), ankara, taarifa za meli kufika, vyote vinapita kwenye barua pepe.

Mimi kwa taaluma ni mhasibu. Tuko watu tisa, ofisi iko Kurasini, Dar es Salaam, na kwa kuwa siku moja nilifungua printa iliyokwama karatasi ikapona, nikawa IT. Barua zetu zinakaa kwenye seva ya kukodi yenye cPanel (paneli ya kuisimamia seva), ile ya kuchangia na wateja wengine. Taka zilikuwa zimetuzidi. Kaka wa operesheni alikuwa anaanza siku kwa kufuta risiti za vifurushi ambavyo hakuna aliyeviagiza. Tukalipia huduma ya kuchuja ya kampuni moja ya nje. Jina lake sitalitaja, maana katika nitakayolalamikia hapa nusu ni ya kwao na nusu ni ya kwangu.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Rekodi ya MX ya domeni yako ndiyo inayouambia ulimwengu barua zako zipelekwe wapi. Unaielekeza kwa kampuni ya kuchuja, barua zinafikia kwao, zinapekuliwa, zenye mashaka zinabaki karantini na zilizo safi zinaletwa kwenye seva yako. Maelekezo yao yanasema kazi ni ya dakika 10. Kuandika rekodi, ndiyo, dakika 10.

Turudi Jumatatu. Saa nne asubuhi mteja ananitumia WhatsApp picha ya barua yake iliyomrudia. Ujumbe wa kosa unaanza na 550, halafu unamtaka awashe uthibitisho wa SMTP (njia ya kutuma barua) kwenye programu yake ya barua, eti haruhusiwi kupitisha barua kwenye seva yetu. Basi nikaamini ni mambo ya nywila. Nikazunguka kompyuta zote tisa nikikagua Outlook, mpaka dada wa mapokezi akaniuliza kama tumedukuliwa. Wakati huo tiketi (ombi la msaada) nilishafungua kwa kampuni ya kichujio, na kumbe walishajibu zamani, kwa barua pepe, kwenye anwani ileile isiyopokea.

Dawa niliipata mchana, kwenye kipengele cha cPanel kinachoitwa Email Routing. Kilikuwa kimeachwa kijiamulie chenyewe, na kilipoona MX imehamia kwa watu wengine kikajiweka kwenye Remote. Maana yake seva iliamua kwamba domeni hii siyo yake tena. Kichujio kinaleta barua zilizosafishwa vizuri, seva inaziona ni za mtu baki anayetaka kupitisha mizigo kwake, inazirudisha. Nikachagua Local, yaani barua zipokelewe hapahapa, nikahifadhi, na ndani ya dakika mbili simu zote ofisini zikaanza kulia. Kwenye maelekezo yao jambo hili halimo kabisa, na ndilo lililotugharimu siku. Kama uko kwenye cPanel, weka Local kabla hujagusa MX.

Baada ya hapo taka zikapungua, ila hazikuisha. Hapa kosa ni langu. MX ya zamani, niliyokuwa nimeifuta, niliirudisha baada ya ile Jumatatu. Niliiweka kwa namba 20, chini ya ya kichujio yenye 10, nikiiona kama tairi la spea. Kwenye MX namba ndogo ndiyo inayotangulia, kwa hiyo nilijiona mjanja. Kumbe watuma taka huiendea makusudi ile namba kubwa, kwa sababu mara nyingi mlango wa akiba hauna mlinzi. Niligundua kwa kufungua kichwa kamili cha barua moja taka na kusoma mistari ya Received, inayoonyesha seva ilizopitia barua, kuanzia chini kwenda juu: jina la kichujio halikuwemo hata mara moja. Nikaifuta ile rekodi, nikasubiri masaa manne (TTL yetu, yaani muda ambao seva nyingine hukumbuka rekodi kabla ya kuisoma upya, ilikuwa sekunde 14400; ningekuwa na akili ningeishusha hadi 300 siku moja kabla). Bado wachache waliendelea kuja moja kwa moja, maana anwani ya seva wanaijua. Mwenye seva yake peke yake angefunga mlango namba 25, unaopokea barua, kwenye faiwoli, aachie kichujio tu. Sisi wa kuchangia hatuwezi. Nimeweka kanuni kwamba barua isiyo na alama ya kichujio kwenye kichwa iende folda ya taka. Siku ya kwanza ikameza tangazo la bosi kuhusu likizo, kwa sababu barua za sisi kwa sisi hazipiti kwenye kichujio. Nikarekebisha, lakini wapo walioamua kwamba tangazo hilo hawajaliona hadi leo.

Jambo jingine lililonizungusha karibu wiki: barua halali za wateja zinapita kwenye kichujio bila tatizo, halafu zinatupwa kwenye taka na seva yetu wenyewe. SpamAssassin, programu ya kuchuja taka iliyomo kwenye cPanel, ilikuwa bado inafanya kazi. Yenyewe inaona kila barua inatoka kwenye seva za kichujio, inalinganisha na SPF ya mtumaji (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake), haikuti seva hizo kwenye orodha, inampa mtumaji alama za kosa. Kila mtu duniani akawa mghushi. Mafahali wawili zizi moja, nikaizima, yakaisha.

Karantini ndiyo sehemu ninayoipenda, na pia ndiyo imenitia joto zaidi. Kila siku inakuletea orodha ya zilizozuiwa, unabofya iliyo halali inaachiwa. Nilipanga orodha ije saa 3 asubuhi, ikawa inakuja saa 6 mchana; mfumo unahesabu kwa UTC, nyuma yetu kwa masaa matatu. Masaa matatu si kitu, utasema. Kwenye forodha ni kitu. Mara moja taarifa ya meli kufika ilinaswa Ijumaa mchana baada ya orodha kupita, tukaiona Jumamosi mchana wakati siku za bure za kontena, kabla ya kuanza kutozwa, zinahesabika, na mteja wa Kariakoo hataki kusikia habari za karantini. Wanaonaswa zaidi ni wauzaji wa China wanaotumia anwani za bure za 163.com na qq.com, ambazo yeyote anaweza kujifungulia. Hao nimewaingiza mmoja mmoja kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, kwa anwani kamili. Usiruhusu domeni nzima ya namna hiyo, utakuwa umefungua geti.

Bei ni kwa kila sanduku la barua, na ankara ya mwezi wa pili ilisema tuna masanduku 41. Watu tisa! Mfumo ulikuwa unajisajilia kila anwani inayopokea barua, na kwetu cPanel ilikuwa inakubali anwani yoyote hata ya kubuni, kwa hiyo kila jina alilobahatisha mtuma taka tulililipia. Nimezima vyote viwili. Pesa walirudisha baada ya kubishana, kwa dola, kwenye kadi, na haikuwa haraka.

Kuna kitu ambacho hakizuii, na muuzaji hakukisema. Sanduku halisi la muuzaji wa Guangzhou likiibiwa, mwizi akatuandikia humohumo kwamba akaunti ya benki imebadilika, SPF iko sawa, DKIM (sahihi ya kidijitali ya mtumaji) iko sawa, kichujio kinapitisha. Imetufikia mara moja. Iliyotuokoa ni kawaida ya bosi ya kupiga simu ya WeChat kabla ya kulipa, kawaida ambayo mimi nilikuwa naiona ya kizee. Na taka za Kiswahili naona zinapenya zaidi kuliko za Kiingereza. Mikopo ya haraka inapita kama mgeni rasmi.

Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Mkataba ukiisha nitauongeza, kwa sababu kaka wa operesheni sasa anaanza siku na mizigo badala ya kufuta. Orodha ya karantini nimeipanga saa 12 asubuhi kwao (06:00 ya UTC), inafika saa 3 asubuhi kwetu. Tiketi nafungua kwa anwani yangu binafsi ya Gmail.