Kurisiti Kemia na Fizikia ili uingie uuguzi: kituo cha jioni nilichosoma Mbagala

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi mnasoma hapa mkiwa na matokeo mkononi: kama una F kwenye Kemia, Baiolojia au Fizikia na moyo wako uko kwenye unesi, risiti, yaani rudia mtihani wa hayo masomo, hamna njia ya mkato. Kama una D zote tatu, omba chuo kwanza halafu ndo ufikirie kurisiti. Sasa niwaeleze kituo chenyewe na kwanini nasema hivyo.

Diploma ya uuguzi na ukunga inataka upate pasi nne kidato cha nne zisizo za dini, na ndani ya hizo Kemia, Baiolojia na Fizikia lazima ziwemo. Hesabu na Kiingereza ni nyongeza tu. Pasi ni kuanzia D, na D inaanzia 30, ukipata 29 hiyo ni F na hakuna atakayekuonea huruma. Watu wanaangalia divisheni, lile daraja la jumla la matokeo, wanasahau masomo. Kuna dada tulimaliza naye ana divisheni nzuri tu kuliko yangu, Historia, Kiswahili na Civics zote amefanya vizuri, ila Fizikia ana F, basi mlango wa uuguzi umefungwa kwake mpaka airudie ile Fizikia, na kuna kaka mwenye divisheni ya nne ambaye D zake zimekaa palepale zinapotakiwa akapita. Kwahiyo kabla hujalipa hela ya mtu angalia somo moja moja, divisheni iweke pembeni.

Mimi nilikuwa na C ya Baiolojia, D ya Kemia na F ya Fizikia. Fizikia ndo ilikuwa inanizuia. Kemia niliongeza kwasababu nilitaka chuo cha serikali na huko mnagombania nafasi na watu wenye C na B, D yako inakuruhusu kuomba lakini kuchaguliwa ni habari nyingine. Baiolojia sikuigusa. Kituoni walinishawishi sana nirisiti masomo saba "ili cheti kipendeze" nikakataa, na nawashauri na nyie mkatae, maana kila somo ni ada yake kituoni na ada yake ya mtihani, halafu muda wenyewe uko wapi kama mchana unauza duka la mtu.

Kituo kipo maeneo ya Mbagala, Dar es Salaam, jina sitaji, madarasa saa kumi jioni mpaka saa moja na nusu usiku, Jumamosi asubuhi ndo prakitiko. Somo moja nilikuwa nalipa 30,000 kwa mwezi na hela ya maabara juu yake. Madarasa yana feni, mataa yanawaka, choo kisafi, hayo sina malalamiko. Wanafunzi ni mchanganyiko, kuna waliomaliza juzi, kuna mama wa watoto watatu, kuna mhudumu wa zahanati amechoka kuitwa nesi na watu wakati hana cheti. Wale wa QT, yaani mtihani wa maarifa kwa ambao hawakumaliza sekondari, wana darasa lao, hilo nimelipenda, maana kuna vituo wanawachanganya na wanaorisiti, mtu anayeanza silabasi ya form one anakaa na wewe unayejiandaa na mtihani wa form four, mwalimu hajui amfundishe nani.

Ticha wa Kemia, Mungu ambariki. Huyo peke yake anatosha mtu kutoka Chamazi kupanda daladala kila jioni. Shuleni prakitiko ya kemia niliiona kwenye mtihani, yaani siku ya mtihani ndo siku nimeshika bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo na koki. Huyu kila Jumamosi anakuweka mezani unafanya titresheni mwenyewe, asidi kwenye bureti, besi kwenye chupa, unatia matone mawili matatu ya methyl orange, kile kiashiria kinachobadilika rangi, inakuwa njano, halafu unaachia asidi taratibu huku mkono mwingine unazungusha chupa. Kosa la kila mtu ni kuachia kwa pupa, inatoka njano inaruka mpaka pinki iliyokolea na hapo umeshapita, unatakiwa ukamate ile inapoanza tu kubadilika. Anakuja nyuma yako anainama macho yake yawe usawa wa kimiminika, anakuuliza umesoma ngapi, ukisoma umesimama wima anakurudisha uanze upya. Na ile namba ya kwanza ya majaribio usiiingize kwenye wastani, hiyo ameisema mpaka nadhani nikilala naisikia. Nilikuwa naogopa kemia kwasababu sikuwahi kuishika kwa mikono, basi.

Fizikia sasa. Hapa nasema kwa uchungu kwasababu ndo somo lililokuwa limenipeleka pale. Mwalimu anajua, akiwepo unaelewa, lakini wiki anakuja wiki haji na hakuna anayewaambia, mmekaa mpaka saa kumi na mbili ndo mnaambiwa nendeni nyumbani. Hela ya maabara wamechukua, vifaa vya umeme ni seti moja darasa zima, watatu wanafanya wengine tunanakili namba za watu. Pendulamu tulifanya kwa uzi na jiwe, sawa, hiyo haihitaji makubwa, unapima muda wa mizunguko ishirini kwa kila urefu, unachora grafu ya T mraba (T ni muda wa mzunguko mmoja) na urefu, mstari unanyooka, kwenye mteremko unatoa g, ile ya mvutano wa dunia. Ila mwanga na umeme tulichorewa ubaoni. Prakitiko ya ubaoni sio prakitiko jamani. Mimi na wenzangu tulichanga tukamtafuta kijana wa chuo akawa anatufundisha Jumapili nyumbani kwa mmoja wetu, na ile Fizikia naamini ilitoka huko zaidi kuliko kituoni.

Matokeo yalitoka mwezi wa kwanza, Kemia imepanda C, Fizikia D. Nilipoomba niliweka namba zote mbili za mtihani, ya kwanza na ya kurisiti, Baiolojia ikachukuliwa ya mwanzo. Nimepata chuo cha serikali mkoani.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba ile Kemia sijaisomea cheti tu. Chuoni mwaka wa kwanza mnapigwa mahesabu ya dawa mapema sana. Mgonjwa anatakiwa apate dripu ya mililita 1000 kwa masaa nane, seti, yaani mrija wa dripu, inatoa matone 20 kwa mililita moja, uweke matone mangapi kwa dakika? Unazidisha 1000 mara 20 unagawa kwa dakika 480, ni kama 42. Au dextrose ya asilimia 5, maana yake gramu 5 kwenye kila mililita 100, chupa ya mililita 500 ina gramu 25 za sukari. Ukiwa ulishaelewa konsentresheni, yaani kiasi cha kitu kilichoyeyuka kwenye kimiminika, kwenye Kemia hayo ni maji ya kunywa. Nina wenzangu wameingia na D ya kubahatisha, sio wajinga hata kidogo, ila wanahangaika na desimali, na desimali ikihama kwenye dawa unayempa mtoto ni hatari kabisa.

Ndo maana kwa wenye D tatu nawaambia ombeni kwanza, mkikosa chuo cha serikali na cha binafsi hamkiwezi, hapo kurisiti Kemia kuna maana kubwa. Rafiki yangu hakurisiti, yuko chuo binafsi analipa milioni na ushee kwa mwaka, anasoma vizuri tu na hajapoteza mwaka. Familia yake inaweza. Ya kwangu isingeweza.

Kituo kwa Kemia nakipa tano kwa tano, kwa Fizikia mbili, na hiyo mbili ni ya mwalimu siku akiwepo. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea unafanyika mwanzoni mwa mwaka japo mtihani ni mwezi wa 11, ukichelewa unalipa faini, ukichelewa zaidi unasubiri mwaka mwingine. Na ukifika kituo chochote usitoe hela kabla hujaingia maabara kwa miguu yako Jumamosi wakati wa prakitiko, uhesabu bureti ziko ngapi na wanafunzi wako wangapi.