Duka la dawa la Nguba linaloeleza tamoksifeni ipasavyo

Dada yangu anatibiwa saratani ya matiti, na dawa yake, tamoksifeni, tunaichukua katika duka dogo la dawa hapa Nguba, Bukavu. Ninalisifu hasa kwa maelezo. Mfamasia alimuuliza kwanza, "Mama, majibu ya maabara yalionyesha vipokezi vya estrojeni?", kwa sababu dawa hii hukalia vipokezi hivyo (mahali ambapo estrojeni, homoni ya kike, hujishikiza) ndani ya seli ya titi na kuizuia estrojeni isiichochee kugawanyika, vipokezi visipokuwapo, haisaidii. Alieleza pia kwamba estrojeni ya kutengenezwa, kama etinilestradioli iliyomo katika vidonge vingi vya kupanga uzazi, inaweza kuchochea seli hizohizo, kwa hiyo afadhali kitanzi cha shaba, kisicho na homoni. Kidonge ni cha miligramu 20 kwa siku, kwa miaka 5 au zaidi, na alisisitiza, jambo ambalo wauzaji wengi hulinyamazia, kwamba damu yoyote isiyo ya kawaida ukeni iripotiwe kwa daktari mara moja, maana katika mji wa mimba, tofauti na kwenye titi, tamoksifeni hutenda kama estrojeni yenyewe, yaani huweza kuchochea seli. Kasoro ni akiba: huisha bila taarifa, ilhali tiba hii haifai kukatizwa, hivyo agizeni mapema.