Taarabu ya zamani bila spika, Mji wa Kale, Mombasa: uzoefu wangu

Ijumaa iliyopita, baada ya Isha, nilikwenda na khalati, nduguye mama, kusikiliza taarabu ya zamani katika jumba moja lililokarabatiwa, hatua chache kutoka mtaa wa Ndia Kuu. Kiingilio shilingi 800, pamoja na kahawa chungu na halua.

Nianze na jumba lenyewe, maana ndilo lililonifanya niandike. Kuta ni za matumbawe, nene, nao mafundi wamezipaka chokaa, si saruji. Dari imebebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo ndizo zinazoamua umbo la chumba: hazivuki vizuri upana unaopita kama mita 3, ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu na vyembamba. Humo ndani viti vilikuwa vinne kwa safu, safu kumi, basi.

Mpigaji udi alianza peke yake, takasimu ndefu, yaani kupiga kwa kubuni papo hapo, bila kipaza sauti. Nilikuwa safu ya nane na nikasikia hata risha, kile kipande cha kupigia, inavyokwaruza uzi kabla sauti haijatoka. Udi nimeusikia harusini tangu utotoni, lakini siku zote kupitia spika, umechanganyika na kinanda cha umeme. Sikuwahi kujua kwamba zile nyuzi zilizofungwa mbili mbili huacha mtetemo unaokaa hewani kiasi kile. Khalati alikuwa amefumba mato.

Kisha bibi mmoja akaimba wimbo wa Siti binti Saad, yule wa Unguja aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa. Mimi Siti nimemjua kwa sahani zenye mikwaruzo tu, maneno nusu unayapata, nusu unayabahatisha. Usiku ule nilipata kila neno, na ndipo nilipofahamu kwa nini watu wazima hucheka pale mimi nisipoona la kuchekesha. Nyuma yake palikuwa na fidla na ngoma mbili, dumbaki na tari, tu. Kijana mmoja alileta kibangala, kile cha nyuzi kinachochongwa kwa gogo moja na kuwambwa ngozi. Sauti yake ni kavu na fupi kuliko udi, na natamani angepewa zaidi ya wimbo mmoja.

Baada ya mapumziko waliwasha spika mbili. Hapo ndipo niliposikitika. Waliimba nyimbo za Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa Mombasa, zenye mahadhi ya Kihindi aliyoyapenda, na mwimbaji alikuwa na kifua cha kutosha kabisa. Lakini chumba chembamba namna ile hakihitaji spika. Dumbaki ikawa kubwa, udi ukazama, na maneno yakaanza kugongana ukutani. Hata waliosimama kwenda kutunza walirudi wakiwa wameziba masikio. Nilimweleza mwandalizi kwa adabu, akanijibu kwamba wa safu za nyuma ndio walioomba. Kama ni hivyo, afadhali wanamuziki wakae katikati ya ukuta mrefu, viti viwazunguke pande mbili, na hakuna atakayekuwa mbali.

Jambo jingine ni ngazi. Ni za mawe, zimesimama sana, na hazina pa kushikilia. Khalati alipandishwa na vijana wawili. Ukienda na mzee, fika mapema, na tuktuk ikushushe pale njia inapoanza kuwa nyembamba.

Nusu ya kwanza peke yake ningeilipia hizo 800 mara mbili.