Mtu Ageuke Fisi kwa Laki Moja: Kipi Ununue Kwanza

Kosa langu la kwanza lilikuwa kinyago. Kikundi chetu cha maigizo tulijichanga laki moja na ishirini, mhusika mkuu alitakiwa ageuke fisi mbele ya watu, na mimi mtu wa vipodozi nikaagiza kinyago cha mpira cha kichwa kizima kwa elfu themanini na tano. Kilikuja kimebonyea upande mmoja, kinanuka kama tairi jipya, na sura yake ilikuwa ya mbwamwitu wa Ulaya mwenye masikio ya ncha. Fisi madoa ana masikio ya duara. Siku ya onyesho taa zikazimwa, zikawashwa, mwigizaji kasimama na kinyago chake. Mtoto wa mstari wa mbele akasema kwa sauti: "Kavaa." Ukumbi mzima ukacheka.

Tangu hapo nimefanya mageuzi ya namna hii mara kadhaa, jukwaani na kwenye filamu fupi za kupigwa kwa simu, na orodha yangu ya manunuzi imepinduka juu chini. Bei ninazotaja ni nilizolipa mwenyewe Kariakoo. Ukienda umependeza sana utapigwa bei. Fisi nimemchagua kwa sababu watazamaji wetu wamelelewa na habari za mchawi na fisi wake, hawahitaji maelezo. Wewe unayetaka mbwamwitu wa mwezi mpevu, mambo ni yale yale, badili masikio na rangi ya manyoya.

Nafasi ya kwanza: balbu mbili za rangi na lipstiki ya damu ya mzee

Mwaka 1931, Hollywood walipotengeneza Dr. Jekyll and Mr. Hyde, mpiga picha Karl Struss alimgeuza Fredric March mbele ya kamera bila kukata picha. Usoni alikuwa ameshapakwa mistari myekundu. Kamera ilipochungulia kupitia kioo chekundu mistari ile haikuonekana. Kioo kilipobadilishwa taratibu, ikajitokeza myeusi kana kwamba uso unajikunja wenyewe. Filamu ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, kwa hiyo watazamaji hawakujua kwamba rangi imebadilika.

Ujanja huo leo unauzwa duka la vifaa vya umeme. Balbu ya LED inayobadilika rangi kwa rimoti nilinunua elfu kumi na mbili, nikachukua mbili. Kabla hujalipa angalia holda zako ni za pini au za kuzungusha, maana duka moja huwa na zote na muuzaji atakupa iliyo karibu na mkono wake. Halafu mwambie aiwashe, uitazame kupitia kamera ya simu yako. Ukiona mistari ya giza inapanda au kushuka kwenye skrini, rudisha. Jicho halioni kumeta huko lakini video yako yote itaharibika. Kama kazi ni ya jukwaani tu, mistari hiyo haikuhusu.

Chini ya mwanga mwekundu, lipstiki nyekundu na ngozi vinang'aa karibu sawa, mstari unapotea. Chini ya mwanga wa bluu au kijani, wekundu hauna cha kurudisha, mstari unakuwa mweusi. Maelezo mengi ya ujanja huu yameandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu lipstiki nyekundu ya kuwaka itaonekana nyepesi kuliko uso hata chini ya taa nyekundu, na siri inatoka. Chukua damu ya mzee. Beba lipstiki mbili tatu, washa taa nyekundu chumbani, chora mstari wa kila moja kwenye shavu la mwigizaji mwenyewe, uchague ile inayopotea. Kisha pakaa uso mzima poda iliyo nyepesi kidogo kuliko ngozi yake ndipo uchore, ili taa ya bluu ikija mistari ipate pa kusimamia.

Jukwaani watu wataona taa ikibadilika rangi, kwa hiyo wape sababu. Mimi huweka jiko la mkaa bandia, balbu nyekundu ndani yake. Mtu anaota moto. Jiko linafifia, mwezi wa bluu unaingia dirishani, na uso wa yule mtu unaanza kuchafuka. Kwenye simu, zuia kamera isijirekebishe rangi na mwanga yenyewe, la sivyo itapambana na taa zako hadi mwisho.

Na hili nililijua usiku wa onyesho: balbu mbili za aina moja husikiliza rimoti moja. Nilibonyeza jiko lizime, mwezi nao ukazima, tukabaki gizani na mwigizaji anaguna. Tangu hapo kila balbu ina zamu yake. Ya mwezi naiweka rangi kwanza, halafu naziba kijicho chake kinachopokea rimoti kwa tepu nyeusi ya umeme na kuiwasha kwa swichi ya ukutani. Jaribu dukani kama balbu inakumbuka rangi ya mwisho ikizimwa na kuwashwa. Nyingi zinakumbuka, si zote.

Nafasi ya pili: nywele za kusuka

Kwa filamu ya 1941 iliyomfanya Lon Chaney Jr. kuwa mbwamwitu, Jack Pierce alimbandika nywele za yak, yule ng'ombe wa milima ya Asia. Sisi tuna maduka ya vifaa vya saluni kila kona. Pakiti elfu tatu, pakiti tatu zinatosha uso, shingo na mikono miwili.

Usinunue rangi moja. Manyoya ya mnyama hayana rangi moja, na hapo ndipo wengi wanaishia kutengeneza mzee mwenye ndevu. Rangi huandikwa kwa namba kwenye pakiti: kwa fisi nachanganya namba 27 (kahawia ya asali), 30 (kahawia nyekundu) na namba 4 (kahawia iliyoiva) kidogo. Kwa mbwamwitu, 1B (karibu nyeusi) na za kijivu. Zikate vipande vya vidole viwili vitatu, uzichambue na kuzichanganya kwa mkono mpaka usiweze kusema rangi gani ni ipi. Zitang'aa kama plastiki, maana ni plastiki. Nyunyiza poda ya mtoto, kung'uta, rudia. Kubandika ni kama kuezeka makuti: safu ya chini kwanza, chini ya kidevu, kila safu ikilalia iliyotangulia, ncha zikielekea chini. Ukianzia juu utaziona gundi zote.

Gundi nayo ina daraja lake. Ya wigi inashika vizuri, hata kwa jasho, ila nunua na ya kuiondolea. Ya kope inatosha sehemu ndogo kama nyusi na pua. Zote mbili zipake ndani ya kiwiko siku moja kabla, ngozi nyingine zinakataa. Supa gluu usiilete karibu na mtu. Ikigusana na pamba inapata moto wa kuunguza. Kijana wetu mmoja alijibandikia kucha akiwa ameshavaa glavu za pamba, akaruka jukwaa zima akipunga mkono, na wenzake wakadhani anafanya mazoezi.

Nywele hizi zinayeyuka haraka zikiguswa na moto. Ndiyo sababu jiko langu lina balbu na halina mkaa.

Kwa wa simu kuna nyongeza ya karibu bure. Mwaka 1981, kwenye filamu ya An American Werewolf in London, mtu wa vipodozi Rick Baker, ambaye kazi ile ilimpa Oscar, alionyesha manyoya yakiota kwenye ngozi: aliyapitisha kwenye mpira, akayavuta kwa ndani yakazama, halafu picha ikarudishwa kinyumenyume. Kata kipande cha glavu ya mpira yenye rangi inayokaribia ngozi ya mwigizaji, pitisha nywele kwa sindano, ujaze fremu nzima kwa kipande hicho tu, zivute taratibu kutoka nyuma. Programu yoyote ya kuhariri video kwenye simu inaweza kurudisha nyuma. Sekunde mbili zinatosha. Ukiweka tatu, watu wataanza kuona glavu.

Nafasi ya tatu: mkono, kabla ya uso

Kama pesa yako imebaki elfu kumi tu, acha uso uende zake ukanunue mkono. Mtazamaji akiuona mkono unabadilika, uso ataumalizia mwenyewe kichwani, na atauchora wa kutisha kuliko unavyoweza wewe.

Kucha za bandia za saluni, zile ndefu za ncha, pakiti moja elfu tatu. Zipake rangi ya kahawia iliyochanganywa na nyeusi, usizipake sawasawa, kisha zikwaruze kwa msasa. Kucha inayong'aa ni ya bibi harusi. Zibandike kwa gundi ya kope ili zitoke bila ugomvi. Nywele ziwe nyuma ya kiganja na kupanda mkono, vidole vibaki wazi. Halafu shati: la mtumba, elfu mbili, kubwa kidogo. Fumua mishono ya mabega na mgongo, upige bandi kwa uzi dhaifu. Mwigizaji akikunja mgongo na kuvuta pumzi, linapasuka lenyewe. Nunua mawili, maana la mazoezi halirudi.

Hapo hapo mfundishe kusimama. Fisi ana miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, mgongo wake unateremka kuelekea mkiani. Mabega juu, nyonga chini, kichwa kikining'inia mbele. Haina bei, na nimeona ikifanya kazi kuliko nusu ya vitu nilivyowahi kununua.

Nafasi ya nne: mpira wa maji, jelatini na meno

Mpira wa maji, ule wa kupaka ukakauka kama ngozi, ni mzuri ukiwa na uzoefu. Tabaka la mpira, karatasi laini ya chooni, tabaka jingine, unapata makovu na mikunjo ya pua. Una harufu kali ya amonia, usiukaribishe machoni, na usiupake juu ya nyusi wala ndevu halisi kwa sababu utazing'oa. Mwenye mzio wa mpira asiguswe nao kabisa. Kwa anayeanza, jelatini isiyo na ladha inayouzwa kwa waokaji, ikipashwa na maji na gilisirini ya duka la dawa, inatoa donge zuri la paji la uso. Ipime kwanza kwenye mkono wako ujue haichomi. Udhaifu wake ni joto: Dar mwezi wa pili, chini ya taa, inaanza kushuka shavuni kabla ya tukio la pili.

Meno ya sherehe ya plastiki usinunue kama mwigizaji ana neno lolote la kusema. Anadondosha mate na "nisaidieni" inageuka "nishaidieni". Chembe za plastiki zinazolainika kwenye maji ya nyuzi joto 60 hivi ni bora zaidi, unafinyanga chonge mbili juu ya meno yake, ila zipoe kidogo kabla hazijaingia mdomoni na uzitoe kabla hazijaganda kabisa. Mara nyingi huagizwa mtandaoni, kwa hiyo zianze safari mapema.

Sauti

Haimo kwenye nafasi kwa sababu hainunuliwi dukani. Ni gengeni. Mifupa inayovunjika ni karoti mbichi na kipande cha muwa, vikivunjwa ndani ya taulo lenye maji karibu na simu inayorekodi. Ngozi inayovutika ni ganda la chungwa likikamuliwa. Pumzi iwe ya mwigizaji mwenyewe, akihema kwenye ndoo tupu. Onyesho letu la pili lilikuwa na sekunde tano za giza totoro na karoti tatu, na yule yule mtoto wa "kavaa" alikimbilia kwa mama yake. Karoti elfu moja.

Usinunue: lenzi za rangi za macho

Nimeulizwa mara nyingi. Lenzi zisizopimwa na mtaalamu wa macho zinaweza kukwaruza jicho na kuleta maambukizi, na kikundi kinachonunua pea moja waazimane ndicho nakiogopa zaidi. Hela hiyo iongeze balbu ya tatu.

Nafasi ya mwisho: kinyago

Kina matumizi mamoja tu ninayoyakubali, nayo ni ya mwaka 1862, pale John Henry Pepper alipoionyesha London mizimu ya kioo. Kioo kisicho na doa kinasimamishwa kwa pembe ya nyuzi 45 kati ya watazamaji na mwigizaji. Mwingine aliyevaa kinyago amejificha pembeni gizani, mahali ambapo taswira yake itaangukia pale pale aliposimama wa kwanza. Unapunguza taa ya mtu huku ukiongeza ya mnyama, na mmoja anayeyukia ndani ya mwingine. Wenye vibanda vya maonyesho wamemgeuza msichana kuwa sokwe kwa njia hii miaka na miaka. Taswira ya kwenye kioo inakuwa hafifu, na uhafifu huo ndio unaokisamehe kinyago. Kioo kiazime kwa fundi wa madirisha kuliko kukinunua, au tumia plastiki angavu ikiwa watoto wako karibu. Watu wote wakae mbele. Aliye pembeni ataona kila kitu.

Kile changu cha elfu themanini na tano kimefanya kazi hivyo mara moja, sekunde nne.

Kitu utakachosahau

Mafuta ya nazi, chupa moja, na pamba. Gundi na mpira havibanduliwi kwa kuvuta. Loweka pembezoni, subiri, sugua taratibu. Mwaka jana tulimaliza kurekodi saa nane usiku, maduka yamefungwa, mafuta hakuna, na fisi wetu akaamua kwenda hivyo hivyo nyumbani Mbagala, manyoya mpaka kifuani. Bodaboda wa kwanza aliwasha pikipiki akaondoka bila kuuliza. Wa pili alimmulika na simu, akamzunguka mara moja, kisha akamtajia bei mara tatu ya kawaida.